Mtoto ananyonya kila saa na chuchu zimechubuka: je, maziwa yangu hayatoshi?

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Niko Makambako, huyu ni mtoto wangu wa kwanza, ana siku tisa. Alizaliwa na kilo 3.1, na siku ya saba tulipokwenda kliniki alikuwa na kilo 3.0. Chuchu zote mbili zimechubuka, ya kushoto inatoa damu kidogo. Akianza kulia njaa na mimi naanza kulia kwa kuogopa maumivu. Ananyonya karibu kila saa, jioni ndiyo haachi kabisa. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi, mtoto hashibi, tumpe uji kidogo ili alale, na mimi ninywe ulanzi, ile pombe ya mianzi, maziwa yashuke. Usiku huku ni baridi sana, tunalala na jiko la mkaa. Nimeajiriwa kwenye duka la pembejeo na likizo ikiisha natakiwa kurudi kazini. Naomba msaada, nimekaribia kukata tamaa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na kwa mama mkwe, kamwene, salamu yetu ya huku, maana natumaini haya mtayasoma pamoja.

Naanza na jiko, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hadi kesho. Leo usiku jiko la mkaa lisilale chumbani. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mtu hufa usingizini bila hata kukohoa. Huku nyanda za juu habari za watu waliolala na jiko wasiamke si ngeni. Pasheni chumba joto mapema, dirisha likiwa wazi kidogo, halafu jiko litoke nje kabla hamjapanda kitandani. Joto la mtoto litatoka kwako. Mvue abaki na nepi, kofia na soksi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, ujifunge naye kitenge, kisha sweta na blanketi vije juu yenu wote wawili, uso wake ukiwa wazi. Hiyo ndiyo njia tunayotumia hospitalini kwa watoto njiti, na kwa mtoto wa kilo tatu inafaa vilevile. Ina faida nyingine: kichanga aliyelala kifuani hivyo hulitafuta titi mwenyewe. Ila usingizi ukikuzidi, mpe mtu mwingine au mlaze mahali pake, na usisinzie naye kwenye kochi. Kuhusu baridi kuingia kwenye titi na kuharibu maziwa, liondoe kichwani. Maziwa hutoka na joto la mwili wako, hata nje kukiwa na jalidi.

Sasa maziwa. Kwa hesabu ulizonipa, sioni dalili kwamba hayatoshi. Karibu kila kichanga hupungua uzito siku za kwanza, wengine asilimia 7, wengine hata kufikia 10, kisha huurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi. Wako siku ya saba alikuwa amebakiza gramu 100 tu. Mpeleke apimwe tena siku ya 14, na kama hajafika 3.1 mwambie mkunga wa hapo akutazame ukinyonyesha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa sasa mizani yako ni nepi. Kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu, na choo chake huwa laini cha njano. Ukihesabu ukakuta nepi tatu au nne tu, mkojo ni wa njano nzito, choo bado ni cheusi, mtoto analala mno kiasi cha kutoamka kunyonya, ana homa, mwili umepoa na haupati joto, au umanjano umefika kwenye nyayo, usisubiri siku ya 14. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Penye shida ni kwenye mshiko, yaani jinsi mtoto anavyolishika titi. Siku za mwanzo mama wengi huhisi maumivu ya sekunde chache mtoto anapoanza kuvuta, kisha yanatulia. Lakini maumivu ya kuanzia mwanzo hadi mwisho, na chuchu kuchubuka mpaka damu, mara nyingi sana maana yake mtoto ameshika chuchu peke yake, hajashika titi. Hilo pia laweza kuwa sababu mojawapo ya kunyonya kila saa. Akivuta chuchu tupu maziwa huja kidogokidogo, anachoka, anasinzia, na baada ya muda mfupi ameamka na njaa yake. Uthibitisho ni rahisi. Akiachia, itazame chuchu. Ikitoka imebonyea, imechongoka upande mmoja au ina mstari mweupe, ilikuwa inabanwa kwenye kaakaa. Ikitoka mviringo kama ilivyoingia, ameshika vizuri.

Kabla sijaeleza mshiko wenyewe, niseme jambo ninaloliona huku kwetu kuliko walivyonifundisha chuoni. Mtoto anafungwa blanketi mbili, shali na sweta. Mama naye amevaa sweta na koti, ametoa titi kwa juu ya shingo ya blauzi. Kati ya tumbo la mtoto na la mama kuna furushi. Mtoto hawezi kusogea karibu, kwa hiyo ananing'inia kwenye ncha ya chuchu. Nimeona mshiko ukirekebishika kwa kumfungua mtoto tu. Mfungue, msogeze tumbo kwa tumbo, halafu blanketi liwafunike kwa nje.

Kaa mgongo wako ukiwa umeegemea, miguu imekanyaga chini au kwenye kigoda. Usimwinamie mtoto, mlete yeye kwenye titi. Sikio, bega na nyonga yake viwe kwenye mstari mmoja, asinyonye huku amegeuza shingo. Mshike mabegani na chini ya shingo, usimsukume kisogo, maana ukimsukuma kisogo anajitupa nyuma na wewe unadhani analikataa titi. Pua yake iwe mkabala na chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, kisha ngoja. Wengi hapa ndipo tunapoharibu kwa haraka: mtoto anafungua mdomo kidogo, tunamchomekea. Ngoja mpaka aupanue wote, ndipo umvute kwako kwa wepesi, kidevu kikitangulia kugusa titi. Ukitazama kutoka juu, ile sehemu nyeusi ya titi ionekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mdomo wa chini uwe umepinduka kwa nje, kidevu kimezama kwenye titi, mashavu yamejaa hayajaingia ndani. Baada ya mivuto michache ya haraka utasikia anavuta polepole na kumeza. Ukisikia milio kama ya kubusu, hajashika.

Kama maumivu hayajatulia baada ya kuhesabu hadi kumi, usivumilie. Ingiza kidole kidogo kilichonawishwa kwenye pembe ya mdomo wake, kati ya fizi, aachie. Usimchomoe hivihivi, ndivyo chuchu inavyochanika. Anza tena. Siku mbili za mwanzo unaweza kuanza upya mara nne au tano kwa mnyonyo mmoja, na mtoto atalalamika. Mwache alalamike.

Kwa titi la kushoto, jaribu kumweka chini ya kwapa: mwili wake unapita ubavuni kwako, miguu ikielekea mgongoni, kichwa kwenye kiganja chako, chini yake weka mto au kanga zilizokunjwa. Hapo mdomo unashika kwa upande mwingine na kidonda kinapumzika. Usiku lala ubavu, naye alale ubavu akikutazama. Anza na titi lenye nafuu, kwa sababu mtoto mwenye njaa huvuta kwa nguvu dakika za mwanzo. Akimaliza, kamua tone moja la maziwa yako, lipake kwenye chuchu, liache likauke. Sabuni, spiriti na dawa ya meno visikaribie hapo. Damu kidogo akiimeza haimdhuru. Titi la kushoto likikushinda kabisa, lipumzishe siku moja, lakini ulikamue kwa mkono kila anaponyonya upande wa pili, na maziwa hayo umpe kwa kikombe kidogo. Titi lisilotolewa maziwa hupunguza kuyatengeneza.

Mshiko ukikaa sawa, maumivu kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Yasipopungua, mkunga atazame ndani ya mdomo wa mtoto kama kuna utando mweupe wa fangasi, au ulimi ulioshikiliwa kwa chini. Hayo yana tiba hospitalini. Akija mtu kusema mtoto hanyonyi vizuri kwa sababu ya kimeo na kwamba kikatwe, mshukuru kwa kuja, umsindikize hadi barabarani.

Nije kwenye kunyonya kila saa. Mnyonyo nane hadi kumi na miwili kwa saa 24 ni kawaida kwa umri huu, tena haiji kwa vipindi vilivyopangwa. Jioni vichanga wengi hunyonya mfululizo kwa saa mbili tatu, wanaachia, wanarudi. Tumbo la mtoto siku ya kwanza hubeba kama kijiko kimoja cha chai, na mwisho wa wiki ya kwanza ni mililita 45 hadi 60 hivi, na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Kwa hiyo kurudi kwake titini si ushahidi kwamba hukumshibisha. Ukipita Mufindi utaona mashamba ya chai: mti wa chai huchipua kwa sababu unachumwa. Titi ni hivyohivyo. Anaponyonya jioni nzima anaagiza maziwa ya kesho. Na mnyonyo wa usiku usiuruke, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku.

"Maziwa mepesi" ni kweli kwa macho. Yale ya mwanzo wa mnyonyo ni mepesi, pengine yana ubuluu, na kadiri titi linavyopungua mafuta yanaongezeka. Mwache amalize titi moja mpaka aachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Matiti kuwa laini kuanzia wiki ya pili na kuendelea, baada ya ule ujazo wa siku ya tatu na ya nne, nako si kuishiwa. Ni mwili umeanza kujua kipimo.

Uji, hapana. Hata maji, hata glukosi, hata dawa ya mchango, mpaka atimize miezi sita. Tumbo la mililita 50 likijazwa uji halina nafasi ya maziwa, naye hulala kwa sababu ameelemewa. Akilala hanyonyi, asiponyonya maziwa yanapungua kweli, na hapo mtasema mama mkwe alikuwa sahihi. Pia maji na vyombo huleta vijidudu kwenye utumbo ambao bado ni mchanga. Ninalisema hili kwa uchungu kidogo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 56.9 Iringa na asilimia 50.4 hapo kwenu Njombe, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage! Sababu ziko nyingi na uji wa mapema si peke yake, lakini ni mojawapo, na ni ile ambayo nyumba yenu inaweza kuifuta leo bila senti.

Mama mkwe usigombane naye. Amelea, na kinachomsumbua ni kilio cha mjukuu. Nenda naye kliniki siku ya 14 aione mizani kwa macho yake na amsikie mkunga mwenyewe. Uji aupike, tena mwingi, ila aunywe mzazi: ulezi, uwekwe karanga au maziwa. Mpikie mzazi kande, maharage, mboga za majani, mayai, dagaa, mkatie parachichi, mwekee maji ya kunywa karibu kila anaponyonyesha, maana kiu humshika hapohapo. Pilipili manga kwenye uji haina ubaya wala haiongezi maziwa. Jioni, mtoto akiachia titi, bibi ampokee, amlaze begani acheue, atembee naye ukumbini nawe ulale nusu saa. Usingizi na utulivu vina kazi yake hapa: homoni inayosukuma maziwa yatoke huzuiwa na maumivu na hofu. Kwa hiyo ule woga wako ukimsikia analia unafanya maziwa yachelewe kushuka, ingawa yamo.

Ulanzi naomba uuache. Pombe hupita kwenye maziwa, na badala ya kuyashusha huyazuia kutoka. Komoni nayo ni vivyo hivyo. Togwa ambayo haijachachuka hadi kulevya, kunywa.

Barua yako haimtaji baba wa mtoto. Kama yupo, kufua nepi na kuamka kukuletea maji usiku hakuhitaji matiti. Na kama ameshatishwa na habari za kubemenda mtoto, mwambie tendo la ndoa haliharibu maziwa. Linaloweza kumdhuru mtoto ni mimba nyingine ya haraka, hivyo mkienda kliniki ya siku 42 ulizeni kuhusu uzazi wa mpango unaofaa kwa anayenyonyesha.

Hukuuliza hili, lakini siwezi kuandikia mama wa Njombe nikalinyamazia. Mkoa wenu ndio uliokuwa na kiwango kikubwa cha VVU nchini kwenye utafiti wa 2022 na 2023, asilimia 12.7 ya watu wazima. Mama anayeishi na VVU ananyonyesha kama wewe. Akimeza dawa zake kila siku na virusi vikafubaa, na mtoto akapewa dawa ya kinga anayoandikiwa kliniki, hatari ya kumwambukiza kwa maziwa inakuwa ndogo sana. Kwake yeye katazo la uji kabla ya miezi sita ni kali zaidi, kwa sababu kuchanganya maziwa na vyakula vingine mapema huongeza hatari ikilinganishwa na maziwa pekee. Kama hukupimwa karibuni, pima.

Titi likijaa hadi kuwa gumu na mtoto anashindwa kushika, kamua kidogo ile sehemu nyeusi ilainike, ndipo umpe. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha maji baridi, au jani la kabichi lililooshwa, ambalo huwapa baadhi ya mama nafuu, na Makambako kabichi si tatizo. Ukipata homa, kutetemeka, na sehemu ya titi ikawa nyekundu, ya moto, yenye kuuma, nenda kituo cha afya upewe dawa, huku ukiendelea kunyonyesha titi hilohilo. Kuliacha likae limejaa kunaweza kuleta jipu.

Mwisho ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi, mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi jumla ya saa mbili kwa siku. Waajiri wengi wadogo hawaijui sehemu hii, si lazima wawe wabaya. Kama nyumbani si mbali na dukani, zitumie saa hizo kwenda kumnyonyesha. Kama ni mbali, jifunze kukamua kwa mkono wiki mbili tatu kabla. Nawa mikono, uwe na kikombe au chupa ya mdomo mpana iliyochemshwa. Papasa titi taratibu, weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, ukingoni mwa ile sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie. Usivute chuchu yenyewe. Dakika za mwanzo huenda lisitoke tone, endelea huku ukizungusha vidole. Matiti yote mawili huchukua kama dakika 20 hadi 30. Maziwa hayo hukaa saa nne kwenye hewa ya kawaida ya chumba, na siku nne kwenye jokofu. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, si kuyachemsha. Bibi ampe kwa kikombe, mtoto akiwa ameinuliwa, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wa chini ayalambe mwenyewe, asimmiminie.

Na kwa kuwa ni duka la pembejeo, mtoto asiletwe humo ndani kunyonya, wala maziwa uliyokamua yasikae karibu na viuatilifu. Vaa koti la kazi ambalo linabaki dukani, nawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, ubadilishe na kanga ya juu kabla hujamshika. Mwombe mwajiri nafasi safi hata kwa jirani, dukani kwa nguo au saluni. Barua ya kuomba saa zako mbili iandike likizo ikiwa imebakiza wiki mbili, itaje muda unaopendelea kutoka, na nakala yake iliyosainiwa ubaki nayo.